Mafunzo ya bure ya kufufua moyo mtaani kwako: mwongozo kamili, kuanzia kumtafuta mkufunzi hadi kuitumia mashine ya kushtua moyo

Mtu akianguka ghafla mtaani, anayemfikia wa kwanza si daktari. Ni muuza genge, dereva wa bodaboda, au jirani aliyekuwa anaanika nguo. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika nne hivi kwa kukosa damu, na kila dakika inayopita bila mtu kufanya lolote huondoa takriban asilimia 7 hadi 10 ya uwezekano wa kupona. Sasa piga hesabu ya gari la wagonjwa kutoka hospitali ya wilaya hadi kwenu, saa kumi na mbili jioni, foleni imesimama na mvua inanyesha. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kujitolea katika mafunzo haya, na nimeandika mwongozo huu kwa yeyote anayetaka kuandaa alasiri moja bila kiingilio, ambapo watu ishirini na kitu watapiga magoti na kukandamiza kifua cha mdoli wa mazoezi kwa mikono yao wenyewe.

Narudia: kwa mikono yao wenyewe. Nimekaa kwenye semina ambapo tulioneshwa picha ukutani kwa saa nzima, tukapiga makofi, tukaondoka na daftari jipya. Hakuna aliyegusa mdoli. Mtu wa namna hiyo siku ya tukio atasimama pembeni na wengine. Ukilazimika kuchagua kati ya hotuba nzuri na midoli miwili ya ziada, chukua midoli.

Hatua ya kwanza: mpate mkufunzi

Kama hujafundishwa na kupimwa, kazi yako ni kuandaa, si kufundisha. Anza na tawi la Msalaba Mwekundu lililo karibu nawe, au St John Ambulance, ambao wapo Kenya na Tanzania na kazi yao kubwa ni huduma ya kwanza. Njia ya pili ni idara ya dharura ya hospitali ya mkoa au ya rufaa. Tanzania imekuwa ikifundisha wataalamu wa tiba ya dharura tangu idara ya dharura ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipofunguliwa mwaka 2010, na wengi wao wana moyo wa kufundisha wakiombwa kwa heshima na mapema. Muuguzi wa dharura ni mwalimu mzuri sana wa kazi hii. Amekandamiza vifua vya watu halisi, na anajua mahali ambapo mikono ya mgeni hukosea.

Andika barua ya ukurasa mmoja: tarehe, mahali, idadi ya watu, umri wao, na mnachoweza kutoa. Nauli na chakula cha wakufunzi ni wajibu wenu hata kama mafunzo ni ya bure. Omba mkufunzi mmoja kwa kila watu sita. Zaidi ya hapo, wengine watakuwa watazamaji.

Hatua ya pili: mtaa ukubali

Pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa imamu na mchungaji. Tangazo moja baada ya swala ya Ijumaa na jingine baada ya ibada ya Jumapili huleta watu kuliko mabango. Jumamosi saa tisa alasiri ndiyo saa ninayoipenda. Mwezi wa Ramadhani nauacha, kwa sababu kazi hii inachosha na mtu aliyefunga hana maji ya kunywa baada yake.

Neno "bure" lina matatizo yake. Wapo watakaoshuku kwamba mnauza dawa mwishoni, na wapo watakaouliza posho. Yote mawili yajibiwe kwenye tangazo lenyewe: hakuna ada, hakuna posho, hakuna kinachouzwa, maji ya kunywa na chai vipo. Watakaokuja baada ya kusoma hivyo ndio mnaowataka.

Usiwakaribishe wote kwa jumla tu. Wafuate wale ambao kazi yao huwaweka kwenye watu: madereva na makondakta, walinzi, mama lishe, wahudumu wa nyumba za wageni, makocha wa timu za mtaani, walimu wa shule na wa madrasa. Wavulana na wasichana wa miaka 12 na kuendelea waje pia. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono wito wa kuwafundisha wanafunzi kuanzia umri huo, saa mbili kila mwaka, na nimeona mwenyewe jinsi wanavyokuwa na shauku kuliko baba zao.

Kuhusu mgeni rasmi: ukimweka, muda wenu umekwisha. Kama kiongozi lazima awepo, mwombe afungue kwa kuwa wa kwanza kupiga magoti mbele ya mdoli. Mwenyekiti akikandamiza kifua mbele ya watu, aibu ya wengine wote huondoka palepale.

Hatua ya tatu: vifaa

Kwa watu 24 tafuta midoli minne, au zaidi mkiweza. Wakufunzi wengi huja nayo. Kama ni mmoja tu, msiahirishe. Mto mgumu wa sponji, au chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu iliyofungwa kizibo na kuvishwa fulana, hutosha kufundishia mapigo na mkao wa mikono wakati wengine wanasubiri mdoli wenye kifua kinachorudi. Havifundishi kina sawasawa, kwa hiyo kila mtu lazima apate zamu kwenye mdoli halisi kabla ya kuondoka.

Mengine: mikeka au majamvi ya kupigia magoti (sakafu ya saruji huumiza na watu huacha mapema), spiriti na pamba za kufutia uso wa mdoli kila zamu, kanga mbili, saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, na mashine ya mazoezi ya kushtua moyo, ambayo inaongea kama ya kweli lakini haitoi umeme. Ikikosekana, chukua boksi la viatu, chora vitufe viwili, kata vibandiko viwili vya karatasi, kisha rekodi maelekezo kwenye simu kwa sauti ya mmoja wenu.

Hatua ya nne: saa mbili zenyewe

Anza na mpira. Vijana wengi wanamkumbuka Christian Eriksen wa Denmark, aliyeanguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 wakicheza na Finland bila kuguswa na mtu. Alikandamizwa kifua palepale uwanjani, akashtuliwa na mashine, na mwaka uliofuata alikuwa amerudi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Wakubwa kidogo watamtaja Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka London mwezi Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, na muda wote huo watu hawakuacha kumhudumia. Yuko hai. Dakika tano za stori hizi zinatosha, kisha wote chini kwenye mkeka.

*Kumtambua.* Hapa ndipo watu wetu hupoteza muda, nami hupatumia dakika nyingi. Kwanza hakikisha mahali ni salama. Kama amenaswa na umeme, zima swichi kuu kabla ya kumgusa. Mtikise mabega, mwite kwa sauti. Haitiki? Tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Kama hapumui, au hapumui kama mtu wa kawaida, moyo umesimama. Usitafute mapigo shingoni. Hata wenye uzoefu huyakosea.

Kuna pumzi moja lazima kila mtu aijue. Moyo ukiwa umesimama, mwili unaweza kuendelea kuvuta hewa kwa vipindi virefu, kwa mkoromo, mdomo ukifunguka na kufumba kama samaki aliyetolewa majini. Mtaani tunasema "anakata roho", tunashika vichwa, wengine wanaanza kumlakinisha shahada. Hiyo si pumzi. Ndiyo alama ya kuanza kukandamiza, tena haraka, kwa sababu mtu mwenye mkoromo huo ni miongoni mwa wenye nafasi nzuri ya kuamka. Anayetaka kuomba aombe kwa sauti, na mwenzake akandamize.

Jambo la pili ni kifafa. Moyo unaposimama, mwili unaweza kutikisika kwa muda mfupi, watu wakakimbia au wakamnusisha kiatu. Mtikiso ukiisha, mtazame kifua. Mwenye kifafa atakuwa anahema kwa nguvu. Ambaye hahemi, anza naye.

*Kumtuma mtu.* Ukipaza sauti "jamani saidieni!" kila mtu atamngoja mwenzake. Nyosha kidole: "Wewe wa fulana nyekundu, piga simu uniambie wamesema nini. Wewe wa pikipiki, kalete mashine hotelini." Wafanye zoezi hili kwa kupaza sauti kweli. Wanawake wazee huliweza mara ya kwanza.

*Mikono.* Mgonjwa alale chali juu ya kitu kigumu, si godoro wala kiti cha gari. Kitako cha kiganja kimoja katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari, kiganja cha pili juu yake, vidole vifungamane, viwiko vimenyooka, mabega juu ya mikono. Kandamiza kwa uzito wa mwili, kina cha sentimita 5 na kisizidi 6, karibu upana wa vidole vitatu. Kila mara kiache kifua kirudi chote. Anayeegemea bila kuachia huzuia damu isirudi kwenye moyo.

Na sasa tahadhari inayotokana na lugha yetu. Tunaposema "chembe cha moyo" tunagusa pale pabonde, chini ya kidari, juu ya tumbo. Nusu ya wanafunzi wangu huweka mikono hapo kwa sababu jina linawaambia moyo uko hapo. Haupo. Ukikandamiza hapo unaumiza ini na tumbo, na damu haisukumwi. Waguse vifua vyao wenyewe, walitafute bonde hilo, kisha wapande juu mpaka kwenye mfupa.

*Hesabu.* Kasi inayotakiwa ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Miongozo husema hesabu hadi 30, na kwa Kiswahili hapo ndipo mambo huharibika: ukifika "kumi na moja" mdomo unachelewa, na mikono inaufuata mdomo. Lakini sikiliza moja hadi kumi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi. Kila namba ina silabi mbili tu, zinatoka kwa urefu uleule. Kwa hiyo tunahesabu kumi mara tatu. Kila kumi ichukue sekunde 5 hadi 6, na mwenye saa asimamie. Darasa zima likihesabu pamoja, kwa dakika chache tu kasi inaingia mwilini, na wiki mbili baadaye utawasikia watoto wakiihesabu wanaporuka kamba.

*Pumzi.* Baada ya kumi tatu, pumzi mbili: inamisha kichwa nyuma, inua kidevu, bana pua, ziba mdomo wake wote kwa wako, puliza kwa sekunde moja mpaka kifua kinyanyuke. Usisimamishe kukandamiza kwa zaidi ya sekunde 10. Asiyejua kupuliza, au anayeogopa mdomo wa mtu asiyemjua, akandamize tu bila kukoma. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla hiyo ni msaada mkubwa. Wabadilishane kila dakika mbili, hata kama aliyepo anasema hajachoka. Kina hupungua kabla mwenyewe hajajua.

Aliyezama majini ni tofauti, na kwa wavuvi wa pwani na wa Ziwa Victoria hili ndilo somo lenyewe. Tatizo lake lilianza kwa kukosa hewa, hivyo anza na pumzi tano, halafu 30 kwa 2. Usimning'inize miguu juu wala kumbonyeza tumbo kutoa maji. Watoto nao mara nyingi moyo husimama kwa kukosa hewa, kwa hiyo pumzi ni muhimu. Kina ni theluthi ya kifua, kwa mkono mmoja kama ni mdogo, na kwa mtoto mchanga ni vidole gumba viwili, mikono ikiwa imemzunguka kifua.

Swali litakuja: "Nikimvunja mbavu je?" Mbavu inaweza kualika, hasa kwa mzee. Inapona. Na lile jingine, la kuambiwa umemuua: mtu asiyepumua na asiyeitika, moyo wake umeshasimama kabla hujamgusa. Lijibu taratibu, usilipite, kwa sababu hofu hiyo huizuia mikono kuliko kutojua.

Mashine ya kushtua moyo

Kwenye boksi imeandikwa AED, mara nyingi pamoja na alama ya moyo wenye radi. Wengi wanadhani inauwasha moyo uliozimika kama kubusti betri ya gari. Kazi yake ni nyingine. Katika aina nyingi za moyo kusimama ghafla, moyo kwanza hutetemeka ovyo, kama ngoma kumi ambazo kila mpigaji anapiga lake. Mshtuko huzinyamazisha zote kwa mara moja ili mpigaji mkuu aanze upya. Ndiyo maana mashine hupima kwanza, na isipoona mtetemo huo haitatoa umeme hata ukibonyeza kwa nguvu. Huwezi kumshtua kwa makosa mtu aliyezimia tu.

Mashine nyingi huzungumza Kiingereza. Kwa hiyo wafundishe mpangilio kwa Kiswahili mpaka wauote:

1. Iwashe. Nyingine huwaka zenyewe mfuniko ukifunguliwa. Mwenzako asiache kukandamiza.
2. Vua au kata nguo, futa jasho na maji. Kibandiko kimoja chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Picha ziko kwenye vibandiko. Vishike ngozi tupu.
3. Ikisema inapima, wote waachie. "Hakuna anayegusa!" kwa sauti.
4. Ikiagiza mshtuko, tazama kichwani hadi miguuni kuhakikisha hakuna anayemgusa, kisha bonyeza kitufe kinachomweka.
5. Rudi kifuani mara moja, bila kusubiri uone kama ameamka. Baada ya dakika mbili itapima tena. Usiizime wala kubandua vibandiko mpaka wahudumu wa afya wachukue.

Mtoto wa chini ya miaka 8 atumie vibandiko vya watoto kama vipo. Havipo, tumia vya wakubwa, kimoja kifuani na kingine mgongoni. Mjamzito hushtuliwa kama mtu mwingine. Kama tumbo ni kubwa, mmoja alisukume kwa mikono kuelekea kushoto kwa mgonjwa ili lisibane mishipa ya damu.

Kuhusu stara, hapo ndipo kanga zile mbili hufanya kazi. Aliyeanguka akiwa mwanamke, watu husita kumfungua kifua, na kusita huko kunaua. Wanawake wanne wanashika kanga pande zote wakiwa wameelekea nje, ndani wanabaki wawili wanaofanya kazi. Zoezi hili huchukua dakika tatu. Andaa pia kundi la wanawake peke yao na mkufunzi mwanamke kwa wanaopenda hivyo. Utapata wanafunzi ambao wasingekuja.

Hatua ya tano: kabla hawajaondoka

Kila mmoja afanye tukio zima peke yake, kuanzia "unanisikia?" hadi dakika mbili za kukandamiza. Asiyefikisha kina aoneshwe na arudie. Kisha waambie ukweli: wengi wanaofanyiwa hivi hawaamki, hata mikononi mwa madaktari, na aliyekandamiza kwa jirani yake akampoteza anahitaji kuketi na mtu azungumze. Nimewaona watu wakibeba lawama isiyo yao kwa miezi kwa sababu hakuna aliyewaambia hili mapema.

Mjadili usafiri pia, na mkufunzi akiwepo. Desturi yetu ni kumpakia mgonjwa kwenye bajaji na kukimbia. Kwenye bajaji huwezi kukandamiza. Aanze kuhudumiwa chini, alipoangukia, wakati wengine wanatafuta mashine na gari. Mkithibitisha kwamba hakuna gari la wagonjwa litakalokuja, tafuteni chombo ambacho atalala chali na mtu akapiga magoti kando yake.

Hatua ya sita: ramani na namba

Wiki ileile, tembea na vijana wawili mkaulize mashine zilipo: uwanja wa ndege, hoteli kubwa, maduka makubwa, benki, kiwanda, uwanja wa mpira, hospitali binafsi. Maswali ni manne. Ipo wapi hasa? Usiku inapatikana? Funguo anazo nani? Taa yake ya utayari inawaka, na tarehe ya vibandiko haijapita? Mashine iliyofungiwa ofisini kwa meneja si mashine ya mtaa, na mwenye jengo aambiwe hivyo kwa upole. Isiachwe pia ndani ya gari juani, joto huharibu betri na gundi ya vibandiko.

Andikeni karatasi moja yenye sehemu za mashine, majina ya waliofundishwa kwa ridhaa yao, wenye magari, na namba za simu. Tanzania 112 ni polisi na 114 ni zimamoto na uokoaji. Kenya 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199. Ongezeni namba ya idara ya dharura ya hospitali yenu, na ipigeni siku hiyohiyo mkiwa wote kuhakikisha inapokelewa. Bandikeni nakala dukani, kijiweni, msikitini, kanisani na langoni mwa shule.

Ujuzi huu hufifia ndani ya miezi mitatu hadi sita. Hamhitaji semina nyingine. Peleka mdoli mmoja kijiwe cha bodaboda jioni, robo saa inatosha, kila dereva apige kumi zake tatu na arudi kazini, na mwezi unaofuata mpeleke kwa mama lishe.